Kaduara Kanakozunguka: Tovuti Zikigoma, Nani Anasikia?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa Moshi na nina tovuti ndogo ya mitihani iliyopita, kidato cha nne na cha sita. Wanafunzi wengi wananiambia haifunguki, wananiomba niwatumie PDF kwa WhatsApp. Nilipochunguza nikakuta wananunua bando la WhatsApp peke yake. Sasa nimesoma kwamba Marekani tovuti kubwa kama Netflix na Reddit ziliwahi kujipunguzia kasi siku nzima ili kupinga kampuni za intaneti kuchagua tovuti ipi ipite na ipi isubiri. Je, ilisaidia kweli au yalikuwa maonyesho tu? Na mimi nikiweka kitu kama hicho kwenye tovuti yangu, kuna atakayesikia?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hapo umeuliza mambo matatu kwa mpigo, na la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Kwanza nikurekebishe. Siku ile hakuna tovuti iliyopunguza kasi. Unayoizungumzia ni Jumatano ya tarehe 10 Septemba 2014, na kurasa zilifunguka kama kawaida yake. Kilichoonekana ni kale kaduara tunakokajua sote, kanazunguka, kanazunguka, na video haiji. Kalikuwa ka kuchora tu. Netflix walikabandika kwenye ukurasa wao, na Reddit, Etsy, Kickstarter, Vimeo, Mozilla na maelfu ya tovuti ndogondogo wakafanya vivyo hivyo. Walioandaa, vikundi vya wanaharakati kama Fight for the Future, Demand Progress na Free Press, walitoa mistari michache ya msimbo ambayo mwenye tovuti yeyote angeweza kuinakili na kuibandika. Mgeni akiingia, ukurasa unafunikwa na kadirisha, kaduara kanazunguka, chini yake maelezo mafupi kwamba hivi ndivyo intaneti itakavyokuwa, na chini zaidi kisanduku.

Hicho kisanduku ndicho nataka ukitazame, kwa sababu watu wengi wakisimulia habari hii wanaishia kwenye kaduara. Unaandika namba yako ya simu na eneo unaloishi. Simu yako inaita. Unapokea, unasikia maelezo mafupi ya nini cha kusema, kisha unaunganishwa moja kwa moja na ofisi ya mbunge wako. Hukutafuta namba, hukuuliza mbunge wangu nani, hukuandika barua. Ulikuwa umekuja kutafuta filamu, na ghafla katibu wa mbunge yuko sikioni anakuuliza shida yako nini.

Ulikuwa ugomvi wa nini hasa? Fikiria kituo cha daladala saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanafunzi wamejaa, gari linakuja, konda anaona sare, anagonga bodi, gari linapita. Nafasi ipo, ila nauli ya mwanafunzi haimlipi. Usawa wa mtandao ni kanuni kwamba mwenye njia ya intaneti hana ruhusa ya kuchagua abiria kwa kuangalia sare. Data ya Netflix, data ya tovuti yako ya mitihani, data ya kampuni inayoshindana naye, zote apakie kwa utaratibu mmoja: asizuie, asibane kasi, asiuze kiti cha mbele kwa mwenye pesa. Jina la Kiingereza la kanuni hiyo lilitungwa mwaka 2003 na mwanasheria Tim Wu, lakini wazo lenyewe ni kongwe; simu za mezani ziliendeshwa hivyo miaka mingi.

Shida ya Marekani ilikuwa ya kisheria, na inachekesha kidogo. FCC, tume inayosimamia mawasiliano kule, ilikuwa imeiandikisha intaneti ya majumbani kama, tuseme, gari binafsi. Halafu ikataka kuitoza masharti ya gari la abiria. Kampuni ya Verizon ikaenda mahakamani, na tarehe 14 Januari 2014 mahakama ikasema: huwezi kumwadhibu konda wa gari ambalo wewe mwenyewe umeliandika binafsi. Masharti mengi yakafutwa. Mwenyekiti wa tume wakati huo, Tom Wheeler, akaja na rasimu iliyoacha mwanya wa kampuni za intaneti kuuza njia ya haraka kwa tovuti zenye uwezo. Hapo ndipo moto ukawaka.

Na watu walikuwa na sababu ya kukaelewa kale kaduara, maana walikuwa wametoka kukaona kwa macho yao. Kuanzia mwishoni mwa 2013 wateja wa Comcast, kampuni ya intaneti, waliokuwa wakitazama Netflix walilalamika picha zinakwama. Februari 2014 Netflix wakakubali kuilipa Comcast ili mitandao yao iunganishwe moja kwa moja, na kasi ikapanda. Mimi kama fundi lazima niseme kwamba pale si lazima kuwe na mtu aliyebonyeza kitufe cha kubana. Malango ambayo mitandao miwili hukutania yalijaa, na hayakupanuliwa. Ni kama barabara: huna haja ya kuweka kizuizi, acha tu mashimo. Kwa mtazamaji aliyekaa kwenye kochi ni kitu kilekile.

Je, ilisaidia? Mwaka ule, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Kuanzia Juni mchekeshaji John Oliver alikuwa ameshawachochea watu kwenye televisheni hadi mfumo wa FCC wa kupokea maoni ukaelemewa. Mgomo wa Septemba ukaja siku chache kabla ya dirisha la maoni kufungwa, na maoni yalipohesabiwa yakakaribia milioni 4. Tarehe 10 Novemba Rais Obama akatoka hadharani kuitaka tume iiandike intaneti upya kuwa gari la abiria, na tarehe 26 Februari 2015 tume ikapiga kura, 3 kwa 2, ikafanya hivyohivyo. Siwezi kukuambia ni kaduara kalikofanya hayo. Ninachokuambia ni kwamba mwanzoni mwa mwaka wanasiasa wengi hawakuona kuna kura katika jambo hili, na simu zilipoanza kuita maofisini wakaona.

Sasa njoo mwaka 2017. Mwenyekiti mpya, Ajit Pai, ambaye mwaka 2015 alikuwa mmoja wa wale wawili waliopiga kura ya hapana, akatangaza anarudisha mambo nyuma. Tarehe 12 Julai tovuti zikagoma tena, safari hii nyingi zaidi. Amazon, Google, Facebook, Twitter, Netflix, wote walikuwemo. Reddit waliweka maandishi yanayojiandika taratibu, herufi baada ya herufi, mpaka unataka kuitupa simu. Hata AT&T, kampuni ya intaneti yenyewe, ilijitangaza kuwa imo, ikisema inapenda intaneti huru ila haitaki sheria ile. Nilicheka. Ukiona konda naye anaandamana kupinga ubaguzi wa abiria, jua mabango yameandikwa kwa maneno mapana mno.

(Siku zote mbili, ya 2014 na ya 2017, ziliangukia Jumatano. Hata ule mgomo wa tarehe 18 Januari 2012, Wikipedia ya Kiingereza ilipojifunga saa 24, ilikuwa Jumatano. Ule ulihusu sheria za hakimiliki, si usawa wa mtandao, ingawa watu huvichanganya. Sidhani kama ni bahati: katikati ya wiki ofisi ziko wazi na kuna mtu wa kupokea simu.)

Pamoja na ukubwa wote ule, tarehe 14 Desemba 2017 tume ikapiga kura, 3 kwa 2, na kanuni zikafutwa. Mgomo mkubwa zaidi, matokeo kinyume. Kwa nini?

Nionavyo mimi, jibu liko upande wa pili wa ile simu. Wajumbe wa FCC hawachaguliwi na wananchi, huteuliwa na rais. Mwaka 2014 rais alikuwa tayari kusikia, na mwenyekiti alikuwa mtu anayeweza kusukumika. Mwaka 2017 waliokuwa na kalamu walikuwa wameshaamua, na hawakuhitaji kura ya mtu yeyote aliyekuwa akipiga simu. Ushahidi wake ni huu: mahali ambapo kura zilihitajika, simu zilifanya kazi. Tarehe 16 Mei 2018, wiki moja baada ya tovuti kuvaa mabango mekundu ya tahadhari, Baraza la Seneti lilipitisha azimio la kurudisha kanuni, 52 kwa 47. Baraza la Wawakilishi likalikalia, likafa. California wakatunga sheria yao wenyewe Septemba mwaka huohuo, na bado ipo. Mengine ni vuta nikuvute ya mahakama: kanuni za taifa zikarudishwa Aprili 2024, na tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazifuta tena.

Kuna jambo jingine la 2017 ambalo kila anayetaka kufanya mgomo wa mtandaoni inabidi alijue, kwa sababu linaumiza. FCC ilipokea maoni karibu milioni 22. Mwaka 2021 ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York ikatoa uchunguzi wake: karibu milioni 18 yalikuwa bandia. Milioni 8.5 yalitoka kwenye kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti, kwa majina ya watu waliokuwa hawana habari. Lakini upande wetu nao haukutoka safi. Kijana mmoja wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, alituma peke yake maoni milioni 7.7 ya kuunga mkono usawa wa mtandao, kwa majina ambayo kompyuta ilimtungia. Kwa hiyo tume ilipotaka kutotusikiliza ilikuwa na rundo la karatasi ambalo ilikuwa rahisi kulisukuma pembeni. Kitu kinachotumwa kwa kubonyeza mara moja kinapuuzwa kwa kubonyeza mara moja. Mtu anayepiga simu na kusema naitwa fulani, nakaa mtaa fulani, si rahisi kumtunga milioni saba.

Na hao wakubwa, uliuliza kama yalikuwa maonyesho. Baadhi, ndiyo. Mei 2017 mkuu wa Netflix, Reed Hastings, alisema wazi kwamba jambo hili si pambano lao kuu tena, kwa sababu wameshakuwa wakubwa kiasi cha kupata makubaliano wanayoyataka. Wiki chache baadaye Netflix waliweka bango. Simlaumu kwa kusema kweli. Ila zingatia: anayeumia gari likichagua abiria si mwenye pesa ya teksi. Ni Netflix ilipokuwa bado changa, ni Etsy, ni wewe.

Tuje kwako sasa. Zamani niliwahi kufanya kazi kwenye chumba cha mitambo cha kampuni moja ya simu, sitaitaja. Mwanafunzi wako akibofya anwani ya tovuti yako, simu yake inatuma salamu ya kwanza, na ndani ya salamu hiyo jina la tovuti huwa linaonekana wazi, kama anwani juu ya bahasha, hata kama barua yenyewe imefungwa. Mtambo unasoma lile jina na kulitafuta kwenye orodha. Likiwa la WhatsApp, unakata kwenye mfuko wa WhatsApp. Lisipokuwemo, unatafuta mfuko wa MB za kawaida, na mfuko ukiwa mtupu, bahasha inatupwa. Enzi zile simu ilionyesha ukurasa wa kukuambia ununue bando. Siku hizi kwa kuwa tovuti nyingi zimefungwa kwa usalama, kampuni haiwezi kujiingiza katikati kirahisi, kwa hiyo mara nyingi mwanafunzi haoni ujumbe wowote. Anaona kaduara kanazunguka.

Unaona ajabu yake? Wamarekani walikachora. Wanafunzi wako wanako ka kweli.

Na niliyekuwa naisimamia ile orodha nikuambie ukweli wake: hakuna mtu aliyekaa mkutanoni akasema tovuti za mitihani zisifunguke. Hakuna aliyezikumbuka. Walikaa watu wa masoko, wakauliza vijana wanatumia nini, wakaandika majina machache ya kampuni za nje, bei ikawa nafuu, biashara ikaenda. Bando la namna hiyo linamsaidia kweli mama anayetaka kuongea na mwanawe aliye Dubai, sitalibeza. Lakini linamfundisha mwanafunzi kwamba intaneti ni WhatsApp, na kila kilicho nje yake ni kitu kisichofunguka.

Wahindi waliliona hili mapema. Aprili 2015 waliandika barua pepe zaidi ya milioni moja kwa mdhibiti wao, na duka la Flipkart lilipoonekana linataka kuingia kwenye mpango wa Airtel wa kufungua programu bure, watu wakaipa programu yake nyota moja moja mpaka likajitoa. Facebook nao wakajibu kwa kuwaomba watumiaji wao watume ujumbe ulioandikwa tayari kutetea huduma yao ya bure, Free Basics. Mdhibiti akalalamika kwamba rundo lile halikujibu maswali aliyouliza. Tarehe 8 Februari 2016 akapiga marufuku bei za kibaguzi. Huduma hiyohiyo, ikiitwa Internet.org, ilikuwa imeshaingia Tanzania kupitia Tigo Oktoba 2014 na Kenya kupitia Airtel mwezi uliofuata, na huku hatukuandika barua. Kilichowaingiza watu barabarani ukanda wetu kilikuwa Uganda, Julai 2018, serikali ilipotoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter. Pale konda alikuwa serikali, na mwananchi aliiona nauli kwa macho. Bando la WhatsApp halionyeshi nauli. Linaonyesha punguzo.

Kwa hiyo, je, uweke kaduara kwenye tovuti yako? Hapana, na si kwa sababu wewe ni mdogo. Mgomo wa 2014 ulifanyika mlango ungali wazi: kila Mmarekani mwenye intaneti alikuwa bado anaweza kufungua Reddit, kwa hiyo aliyetishiwa na tishio aliliona bango. Kwako mlango umeshafungwa. Ukiweka bango, watakaoliona ni wale wenye MB, yaani wasio na shida hiyo. Uliowakusudia hawatafika.

Wafuate waliko. Unawatumia PDF, na PDF hizo zinasambaa kwenye magroup ya shule ambayo wewe hata huyajui. Weka ujumbe humo. Usiwaambie wabonyeze kiungo, kwa sababu hakitafunguka. Waambie wapige simu huduma kwa wateja ya mtandao wao, waseme jina lao na shule yao, waulize kwa nini bando walilonunua halifungui tovuti ya masomo, na waombe namba ya lalamiko. Ile namba ndiyo mali. Ukikusanya namba 60 kutoka shule tano, una kitu cha kupeleka TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano hapa kwetu, na kwenye lile baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano. Lipo kwa ajili hiyo, na sidhani kama limewahi kupelekewa daftari la namna hiyo na mwalimu.

Kampuni inaweza kukupigia ikakuambia, sawa, tunaiingiza tovuti yako kwenye orodha. Utashawishika. Sikukatazi kukubali, watoto wana mtihani Novemba. Ila jua kwamba hapo konda amempandisha mwanafunzi mmoja anayemfahamu, na mwenye tovuti ya fizikia kule Songea bado amesimama kituoni.

Wakati huohuo punguza uzito wa vitu vyako. Nimeufungua mtihani mmoja kwenye tovuti yako, ni picha zilizopigwa kwa simu, MB 11. Ukiuchapa upya hautafika hata MB moja, na hapo hata mwenye bando dogo la siku ataumudu.

Halafu kwenye ukurasa wa kwanza wa kila PDF, juu kabisa, kabla ya swali la kwanza la hesabu, andika hivi: “Mtihani huu uko bure kwenye tovuti. Umeupata WhatsApp kwa sababu bando lako halikufikishi huko. Piga simu mtandao wako leo uulize kwa nini, uandike namba ya lalamiko hapa: ______.” Chini yake weka jina la tovuti, hata kama wengi watakaolisoma hawataweza kulifungua.